Herufi Tatu Nyuma ya Jina

Shuleni tuliambiwa kwamba Shaaban Robert alipata M.B.E. Tukaandika kwenye daftari, tukaendelea na tamathali za semi. Mwalimu hakueleza kirefu chake, na sisi hatukuuliza. Lilikuwa jibu la swali la alama mbili tu: taja tuzo mbili alizopata mwandishi huyu. Unaandika Tuzo ya Margaret Wrong, unaandika M.B.E., unapata alama zako, mchezo umekwisha.

Nilirudi kwenye herufi hizo miaka mingi baadaye, tena kwa sababu isiyohusu fasihi kabisa. Nilikuwa natafuta jina la mtu. Huyo mtu ni babu yake bibi yangu, wa Likunja, huku kwetu Ruangwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akaenda, hakurudi. Baba yake bibi alikuwa bado mchanga, akalelewa na mjomba kama ilivyo desturi yetu Wamwera, akakua na jina la mjomba. Hivyo mpaka bibi anapata akili, yule mzee alishakuwa "yule aliyechukuliwa". Ukimuuliza jina lake, bibi anakuangalia, anasema, "Mwanangu, nani angeniambia?"

Katika kuhangaika na tarehe za vita hivyo ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya nikae chini. Nishani ambayo Shaaban Robert alikuja kupewa ilianzishwa London tarehe 4 Juni 1917. Mapigano ya Narungombe, ambayo leo ni kata ya wilaya hiihii yetu, yalipiganwa tarehe 19 Julai 1917. Hesabu mwenyewe: siku 45. Mfalme George wa Tano anaweka saini kuanzisha nishani ya kuwashukuru watu walioisaidia dola yake vitani bila kushika bunduki, na wiki sita baadaye, porini kwetu, maelfu ya watu wanaisaidia dola hiyohiyo bila kushika bunduki. Wanabeba masanduku ya risasi na magunia ya unga kichwani.

Basi hebu tuieleze vizuri hii nishani, maana kuna watu tunazitaja herufi zake kila siku bila kujua zinakaa ngazi gani.

Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kusema ni Nishani ya Dola ya Uingereza. Kabla yake, nishani za Waingereza zilikuwa za wakubwa wachache: mabwana wenye ardhi, majenerali, mabalozi. Vita vya 1914 vilivuruga utaratibu huo. Watu wa kawaida walikuwa wanafanya kazi viwandani, hospitalini na maofisini, wanaume kwa wanawake, na serikali ikaona inahitaji namna ya kuwapa asante bila kuwapa ardhi wala pesa. Ndiyo ikazaliwa nishani hii, yenye kaulimbiu inayosema ni kwa ajili ya Mungu na Dola. Mwishoni mwa 1918 ikaongezewa tawi la wanajeshi. Utepe wake mwanzoni ulikuwa wa zambarau, na ile rangi ya waridi yenye kingo za kijivu inayoonekana leo ilikuja miaka ya 1930.

Ngazi zake ni tano. Juu kabisa ni GBE. Inafuata KBE kwa wanaume, au DBE kwa wanawake. Walio kwenye ngazi hizi mbili tu ndio wanaoitwa "Sir" au "Dame". Ya tatu ni CBE, yaani Kamanda, na nishani yake mwanamume huivaa shingoni. Ya nne ni OBE, Afisa, inayovaliwa kifuani, ya rangi ya dhahabu. Ya tano, ya mwisho kabisa, ni MBE, Mwanachama. Hii nayo ni ya kifuani, ila ni ya fedha. Chini ya hapo kuna medali, ambayo mwenye nayo anahesabika yupo karibu na nishani lakini hayumo ndani yake. Ni sawa na mtu aliyealikwa harusini akakalishwa nje ya turubai: wali atakula, ila kwenye picha hayupo.

Kwa hiyo Shaaban Robert, mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili, alikuwa ngazi ya tano kati ya tano.

Sisemi hivi kumshusha. Nasema ili tuone mfumo ulivyofanya kazi, kwa sababu nishani hii haikuwa peke yake. Juu yake kulikuwa na nyingine iliyowahusu zaidi watawala wa makoloni, ile ya Watakatifu Mikaeli na George. Ilianzishwa mwaka 1818 kwa ajili ya watu wa Malta na visiwa vya Ionia huko Mediterania, kisha ikageuka kuwa nishani ya magavana na mabalozi. Ina ngazi tatu: CMG, KCMG na GCMG. Waingereza wenyewe wana utani wa siku nyingi juu ya herufi hizo. Wanasema ya kwanza maana yake ni "Niite Mungu", ya pili "Tafadhali Niite Mungu", na ya tatu "Mungu Ananiita Mungu". Aliyetunga utani huo bila shaka alishawahi kufanya kazi chini ya gavana.

Huku kwetu mfano mzuri ni Edward Twining, gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Mwaka 1923, akiwa bado afisa kijana wa jeshi, alipewa MBE. Ngazi ileile ya Shaaban Robert. Ila kwa Twining ile ilikuwa ngazi ya kuanzia. Kutoka hapo akapanda taratibu mpaka akafika GCMG, ile ya Mungu ananiita Mungu, na mwaka 1958 alipostaafu akafanywa bwana wa kukaa katika baraza la juu la bunge lao. Cheo chake kiliandikwa Baron Twining wa Tanganyika na wa Godalming. Soma tena: wa Tanganyika. Jina la nchi nzima likawa mkia wa jina la mtu mmoja. Na huyu bwana alipenda mambo ya mataji na vito vya kifalme kiasi kwamba aliandika kitabu kikubwa cha historia ya vito vya wafalme wa Ulaya, kikatoka mwaka 1960.

Katika enzi ya Twining, Shaaban Robert alikuwa karani. Alianza kazi ya ukarani forodhani mwaka 1926, akapita idara ya wanyamapori kule Mpwapwa, akarudi Tanga ofisi ya wilaya, akamalizia ofisi ya upimaji wa ardhi. Zaidi ya miaka thelathini. Usiku anaandika vitabu ambavyo nchi nzima inavisoma mpaka leo, asubuhi anarudi kwenye mafaili. Kwa Mwafrika wa wakati ule, hata aliyesoma, dari ilikuwa chini sana. Kwa wakubwa waliomwona kila siku ofisini, MBE ilitosha kabisa: karani mtiifu, mwandishi, mjumbe wa kamati ya Kiswahili. Kwake ikawa dari, kwa Twining ilikuwa sakafu.

Watawala hawa hawakuwa wa kwanza kutuletea mambo ya nishani. Pwani ya Lindi ilipokuwa chini ya Zanzibar, Sultani Barghash alianzisha nishani yake mwenyewe, ya Nyota Ing'aayo, mwaka 1875, mwaka uleule aliokwenda kutembelea Uingereza. Nayo ilikuwa na madaraja. Barghash alikuwa mjanja: aliona wafalme wa Ulaya wanavyotambuana kwa nyota za kifuani, naye akatengeneza za kwake ili asiwe mpokeaji tu. Haikumsaidia sana, kwa sababu miaka michache baadaye Wajerumani na Waingereza waligawana pwani yake kwenye meza. Nao Wajerumani wakaja na za kwao. Jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck, aliyezunguka na jeshi lake kusini kwetu mpaka akavuka Ruvuma Novemba 1917, alikuwa na Pour le Mérite, nishani ya Prussia iliyoanzishwa mwaka 1740, na Oktoba 1917 akaongezewa majani ya mwaloni juu yake. Siku chache baadaye yakaja mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, yaliyoua watu wengi kwa pande zote mbili.

Ukijumlisha, katika muda usiofika miaka 45 sehemu moja ya nchi, kuanzia Lindi kuingia ndani hadi kwetu, ilipitiwa na wakubwa wa nishani tatu tofauti. Wote walihitaji wapagazi. Hakuna aliyekuwa na ngazi ya mpagazi.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo.

Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vita vya kubeba. Barabara za magari zilikuwa chache, mbung'o waliua farasi na punda, mvua ilifuta njia. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi karibu milioni moja katika kipindi chote cha vita, na hesabu zao rasmi zinakiri kwamba zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, nimonia, malaria, njaa na uchovu. Dar es Salaam tuna soko kubwa lililobeba kumbukumbu yao bila wanunuzi kujua: Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kilichokuwa na kambi pale. Watu wanakwenda pale kununua viatu na simu, wanatoka na mizigo kichwani.

Afisa mmoja wa wizara ya makoloni kule London aliandika baada ya vita kwamba yaliyotokea yalikosa kidogo tu kuwa kashfa, na hayakuwa kashfa kwa sababu walioumia zaidi ni wapagazi, na nani anawajali wapagazi wenyeji. Nilipokutana na maneno hayo mara ya kwanza nilidhani ni ukatili mtupu. Sasa naona pia kuna ukweli wa kiofisi ndani yake. Alikuwa anaeleza jinsi mfumo ulivyopangwa: kuna watu ambao wakifa, hakuna faili linalofunguka.

Pale Posta, kwenye Barabara ya Samora, kuna ile Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, ya Kiingereza na Kiswahili, yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Ni maneno mazuri. Yanaahidi pia kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Ila ukisimama pale ukasoma upande mmoja hadi mwingine, hutakuta jina hata moja. Na sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki. Inachekesha kidogo kwamba barabara hiyo leo ina jina la Samora Machel, aliyeongoza mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO kule Nachingwea, jirani zetu kabisa. Yeye tunamjua kwa jina.

Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti kukiri jambo hili. Walisema watu wasiopungua 116,000 waliotumikia dola ya Uingereza katika vita hivyo, na huenda hadi 350,000, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tazama upana wa makadirio hayo. Wapo wanaokuwepo na wasiokuwepo kwa tofauti ya watu laki mbili na zaidi, kwa sababu hakuna aliyeandika. Dola ileile iliyokuwa na maofisa wa kupanga nani avae shingoni na nani avae kifuani, nani apate ya dhahabu na nani ya fedha, haikuwa na karani wa kuandika kwamba mtu fulani wa Likunja amekufa njiani.

Sasa turudi kwa Shaaban Robert, maana wapo watakaosema, "Kwa nini aliipokea?"

Swali hili wenzetu walishaulizana. Mshairi Benjamin Zephaniah alipotajwa apewe OBE mwaka 2003 aliikataa hadharani, akasema neno "dola" lililomo ndani ya jina lile linamkumbusha utumwa. Msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alipokea MBE mwaka 2010 na CBE mwaka 2018, na kazi zake zote ni za kuwarudisha kwenye picha watu weusi waliofutwa. Wote wawili nawaelewa. Zephaniah alikuwa anakataa jina la kitu. Himid anaingia ndani ya nyumba na kubadilisha picha ukutani.

Na wapo waliopokea wakiwa na hesabu zao. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alipewa KCMG mwaka 1905, akaitwa Sir Apolo. Alikuwa mwandishi pia, aliandika historia ya wafalme wa Buganda. Kwake cheo kile kilikuwa silaha ya siasa: ukiwa Sir, afisa mdogo wa Kiingereza anafikiri mara mbili kabla ya kukupigia kelele.

Shaaban Robert hakuwa na jeshi wala ufalme nyuma yake. Alikuwa na mshahara wa karani. Kwangu mimi jibu lake juu ya utumishi na malipo yake lipo kwenye vitabu, hasa Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Mnakikumbuka. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi yao. Walirudi na faida kubwa mkononi. Walichopata ni kifungo.

Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba ni kitabu cha kupinga ukoloni kwa mafumbo, na ni kweli. Lakini kisome tena ukijua kwamba aliyekiandika ni mtumishi wa serikali aliyetumikia miaka na miaka. Kinauliza nchi inawalipaje wanaoitumikia. Kusadikika ina wakubwa wengi wenye vyeo, na haina namna ya kumtambua mtu aliyerudi na mzigo wa kweli. Sijui kama kuna mtu kwenye kamati ya nishani aliwahi kukisoma kitabu hicho hadi mwisho. Angekisoma vizuri, nadhani faili lingechelewa kidogo.

Tusijidanganye kwamba mambo haya yaliondoka na bendera. Kenya wana nishani ya Moyo wa Dhahabu na ya Mkuki Uwakao, na ukisoma tangazo lolote la serikali yao utakuta herufi zimejipanga nyuma ya majina: EGH, EBS, MBS, OGW. Sisi tulikuwa na ile enzi ya "ndugu", ambapo kila mtu ni ndugu, kuanzia Rais hadi mfagiaji. Ila nasi tuna Nishani ya Mwenge wa Uhuru, nayo ina madaraja. Siku hizi unahudhuria shughuli, msemaji anatumia dakika nzima kutaja vyeo vya mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Mhandisi, kabla hajafika kwenye jina. Ukikosea mpangilio, umeharibu shughuli. Mimi kama mwandishi wa habari nimeshapigiwa simu kwa kusahau "Dkt." kwenye habari ya aya tatu. Sijawahi kupigiwa simu na mtu kulalamika kwamba nimeandika "wananchi watano walifariki" bila kuwataja.

Hilo ndilo lililonirudisha kwenye daftari langu la shule. Nishani kwa nje inahusu sifa, lakini kazi yake kubwa ni kupanga orodha: nani anastahili kuandikwa, na aandikwe kwa herufi ngapi. Ukishaizoea orodha hiyo, unaacha kuwaona wasiokuwemo. Mimi mwenyewe niliweza kutaja M.B.E. ya Shaaban Robert nikiwa na miaka 15, na sikuweza kutaja jina la mtu aliyekufa ili ukoo wetu ubaki na hadithi ya mtu aliyechukuliwa.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kama unasoma hapa na unafundisha Kusadikika, usiiache M.B.E. ipite hivihivi. Waambie watoto ni ngazi ya tano kati ya tano. Kisha waambie wakirudi nyumbani wawaulize wazee nani katika ukoo alibeba mizigo ya vita, ya Mjerumani au ya Mwingereza, na aliitwa nani. Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila masika.

Mimi niliuliza. Mwaka jana, msimu wa ufuta, nilizunguka Likunja na vijiji vya jirani kwa wazee wa upande ule. Nilirudi na majina mawili. Mzee mmoja anashikilia la kwanza, mama mmoja mzee sana anashikilia la pili, na kila mmoja anasema mwenzake amechanganya na mtu mwingine. Huenda ni kweli, huenda walikuwa watu wawili na wote walichukuliwa. Nilimsomea bibi majina yote mawili. Alinyamaza, akaniambia nisifute hata moja.